Chandarua chenye matundu: vitamini, madini na kinga ya mwili

Kila mvua za vuli zikianza na mafua yakapiga hodi, maduka ya dawa na makundi ya WhatsApp hujaa neno moja: "kuongeza kinga". Tangawizi na ndimu, kitunguu saumu, vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha kwenye glasi, sirapu zenye picha ya mtoto mwenye mashavu. Neno lenyewe ndilo linalotupotosha. Kinga ya mwili si tangi kwamba kadiri unavyolijaza ndivyo linavyokupa nguvu. Ni kama chandarua. Kikitoboka, mbu wanaingia. Ukiziba tundu, umelala salama. Kikiwa kizima, kukishonea kitambaa cha pili juu yake hakukuongezei usingizi, kunakuongezea joto.

Kwa watoto wa Afrika Mashariki matundu makubwa ni matatu: vitamini A, zinki na madini ya chuma. Kila moja lina mahali pake, kiraka chake na wakati wake. Hilo la wakati ndilo linalosahaulika, na kwa upande wa chuma somo lake lilipatikana kwa uchungu, tena hapa hapa Pemba. Tutafika huko.

Vitamini A kwanza. Ukiacha ngozi ya nje, mwili una ngozi ya ndani: utando laini wenye unyevu unaofunika macho, koo, njia ya hewa, utumbo na njia ya mkojo. Baadhi ya seli za utando huo hutoa ute. Nyingine zina vinyweleo vinavyofagia. Vumbi na vijidudu hunaswa kwenye ute, hufagiwa kuja juu, nawe unavimeza au unavitema bila hata kujua. Utando huu hujitengeneza upya kila mara, na vitamini A ndiyo inayoiambia seli changa ikue iwe ya namna gani. Ikikosekana, seli changa huwa kavu na ngumu, kama za kisigino. Hebu fikiria kisigino chenye magaga, ila kiko kooni mwa mtoto wa mwaka mmoja. Ute hakuna, ufagio hakuna, nyufa zipo.

Wengi wanajua dalili za macho. Mtoto aliyekuwa akikimbia mchana kutwa, ikifika magharibi anajikwaa kwenye kigoda, anapapasa sahani, anang'ang'ania kanga ya mama. Baadaye hutokea madoa meupe kama povu la sabuni kwenye weupe wa jicho, pembeni mwa mboni. Ukiyaona hayo, ujue umechelewa. Kinga ilianza kulegea zamani. Daktari wa macho Mmarekani, Alfred Sommer, aliligundua hilo Indonesia: watoto wenye dalili hafifu tu za macho walikuwa wakifa kuliko wenzao, na kilichowaua ni kuhara na magonjwa ya njia ya hewa.

Surua ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko ugonjwa wowote. Kirusi chake hushambulia utando ule ule, homa inatafuna akiba ya vitamini A, nyingine inatoka na mkojo, na mtoto mwenyewe hali kwa sababu kinywa kina vidonda. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Mvumi, Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata matibabu ya kawaida, nusu wakaongezewa vitamini A, uniti (kipimo cha vitamini) 200,000 siku ya kulazwa na nyingine 200,000 kesho yake. Kati ya 92 wa matibabu ya kawaida walifariki 12. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walifariki 6. Kwa walio chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi: vifo 7 upande mmoja, kimoja upande wa pili. Cape Town wakapata matokeo yanayofanana mwaka 1990. Ndiyo maana leo kila mtoto mwenye surua anatakiwa kupewa vitamini A siku mbili mfululizo, awe amenenepa au amekonda: uniti 50,000 kwa aliye chini ya miezi 6, 100,000 kwa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Mwenye dalili za macho hupewa dozi ya tatu baada ya wiki mbili hadi nne. Mtoto wako akiambiwa ana surua na hakuna aliyetaja vitamini A, uliza.

Kwa asiyeumwa kuna yale matone ya kampeni. Ni kidonge laini chenye shingo nyembamba. Mhudumu anakata ncha kwa mkasi na kukamua mafuta yote mdomoni. Cha bluu ni uniti 100,000, cha miezi 6 hadi 11. Chekundu ni 200,000, cha mwaka mmoja hadi miaka mitano kasoro. Dozi hurudiwa kila baada ya miezi 4 hadi 6 kwa sababu ini lina uwezo wa kuitunza na kuitoa kidogo kidogo. Uwezo huo huo ndio hatari yake. Vitamini C ikizidi unaikojoa. Vitamini A ikizidi inabaki. Kosa linalojirudia ni mtoto kupewa kwenye kampeni, kisha wiki mbili baadaye kupewa tena kliniki kwa sababu kadi ilisahauliwa nyumbani. Akizidishiwa anaweza kutapika, kulia kwa maumivu ya kichwa, na kwa mtoto mchanga utosi ukavimba kwa siku moja mbili. Kwa hiyo kadi iende kwenye kampeni, na tarehe iandikwe. Mjamzito asiguse vidonge hivyo kabisa. Dozi kubwa namna hiyo inaweza kumharibu mtoto tumboni.

Jikoni, vitamini A tunayo ya kutosha ila tunaiua. Mawese ya Kigoma ni mekundu kwa sababu yamejaa malighafi ya vitamini A. Wapo wanaoyachemsha mpaka yageuke meupe ili yasipake rangi chakula. Rangi ikiondoka, vitamini imeondoka nayo. Viazi lishe, vile vya rangi ya karoti, kimoja cha wastani chatosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo, lakini ukivikata vipande na kuvianika kwenye jua kali unapoteza sehemu kubwa. Vianikwe kivulini penye upepo. Mafuta ya kula yaliyoongezwa vitamini A kiwandani nayo yana shida yake: yakikaa kwenye chupa inayopitisha mwanga, juu ya meza ya duka linalotazama jua, vitamini inaliwa na mwanga. Chukua ya nyuma, yaliyo kivulini. Na mchicha, matembele au papai bila tone la mafuta kwenye mlo huo, sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka ilivyoingia.

Zinki haina umaarufu, labda kwa kuwa upungufu wake hauna sura. Hakuna doa wala rangi ya kuonyesha. Mtoto anakuwa mfupi, hana hamu ya kula, anaharisha, anapona, anaharisha tena. Ndani kinachotokea ni hiki: seli za kinga zinapokutana na adui hujigawa haraka sana, na kila mgawanyiko unahitaji zinki. Tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inakofundishwa seli za kupambana na virusi, husinyaa zinki ikipungua. Utumbo nao hushindwa kujikarabati. Na kwa kuwa zinki hupotea kwa wingi kwenye choo cha kuharisha, mtoto anaingia kwenye duara: anaharisha kwa kukosa zinki, anakosa zinki kwa kuharisha.

Kiraka chake ni rahisi. Anayeharisha apewe chumvi chumvi za kuongeza maji (ORS) na zinki: miligramu 20 kwa siku kuanzia miezi 6, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Weka kidonge kwenye kijiko, ongeza maji safi kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, subiri kisambaratike, mpe. Asikimeze kizima kwa maji, wala usikisage na chakula. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Ina ladha ya chuma na watoto wengine hukunja uso, ni kawaida.

Panapoharibika ni siku ya tatu. Choo kimekaza, mama anaona mtoto amepona, vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini kungoja safari nyingine. Hapo nusu ya faida imetupwa. Zinki inafupisha kuhara kwa leo, ndiyo, lakini siku zile za mwisho ndizo zinazojaza akiba, na mtoto aliyemaliza dozi ana nafasi ndogo ya kuharisha tena ndani ya miezi miwili mitatu inayofuata. Kamba ya vidonge kumi ni ya siku kumi. Imalizeni.

Sasa chuma. Hapa ndipo pagumu.

Zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Si wote wanaokosa chuma. Malaria, minyoo ya safura, kichocho na selimundu vyote vimo. Lakini chuma kina sehemu kubwa, na kukikosa kunaumiza kinga kweli. Utafiti wa watoto wachanga wa pwani ya kusini ya Kenya ulionyesha kwamba waliokuwa na upungufu wa damu siku ya kuchanjwa walitengeneza kingamwili chache dhidi ya dondakoo, kifaduro na bakteria wa nimonia. Chanjo ile ile, sindano ile ile, mwili ukashindwa kuitumia ipasavyo.

Basi si tuwape wote chuma? Ndivyo ilivyofikiriwa Pemba mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maelfu ya watoto wa mwezi 1 hadi 35 walipewa kila siku miligramu 12.5 za chuma na foliki asidi (wasiofikisha mwaka mmoja walipewa nusu ya dozi hiyo), na kundi jingine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2003 waangalizi wa jaribio hilo walisimamisha sehemu ya chuma. Waliopewa chuma walikuwa wakilazwa na kufariki zaidi, kwa kiasi cha asilimia 12. Cha ajabu, walipowaangalia kwa karibu watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli, na ambao malaria yao iligunduliwa na kutibiwa mapema, hao chuma kiliwafaa. Aliyekuwa na tundu alinufaika. Asiye na tundu, akiishi katikati ya malaria bila matibabu ya karibu, ndiye aliyedhurika.

Sababu yake inaeleweka. Chuma si chakula chetu peke yetu. Bakteria wanakitaka, na kimelea wa malaria hupenda seli nyekundu changa ambazo mwili huanza kuzimwaga baada ya kupata chuma. Mwili unalijua hilo. Ukishikwa na maambukizi, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa chuma utumboni na kukifungia kilichopo ndani ya seli, adui asikipate. Ni kama mwenye duka anayesikia fujo barabarani akashusha shata. Ukimpa chuma mgonjwa mwenye homa, hakifyonzwi vizuri. Kinabaki utumboni kulisha bakteria wasiotakiwa, jambo ambalo limeonekana kwa watoto wachanga wa Kenya waliopewa unga wa virutubisho wenye chuma.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Homa kwanza: pima malaria, tibu, mtoto atulie, ndipo chuma kianze. Mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa hapewi dawa ya chuma siku za mwanzo hata akiwa mweupe kama karatasi, mpaka hamu ya kula irudi na uzito uanze kupanda. Na akiwa anatumia chakula dawa cha pakiti, chuma kimo humo tayari. Mtoto alale kwenye chandarua, hiki cha kweli. Apewe dawa ya minyoo, albendazole miligramu 200 kwa wa mwaka mmoja na 400 kuanzia miaka miwili, maana kumwaga chuma kwa mtoto mwenye safura ni kujaza ndoo inayovuja. Pemba ya leo haina malaria kama ya wakati ule, ila maeneo mengi ya ukanda wa ziwa na kusini bado yanayo.

Vipimo navyo vinadanganya wakati wa ugonjwa. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, hupanda mtu akiwa na maambukizi, ikaonekana akiba ipo kumbe haipo. Kiwango cha vitamini A kwenye damu hushuka kwa siku chache kikapanda chenyewe. Zinki vilevile hushuka. Kumpima mtu akiwa na homa halafu kumwandikia virutubisho kwa karatasi hiyo ni kupoteza hela. Subiri wiki mbili tatu.

Mjamzito hesabu yake ni nyingine, yeye vidonge vya kuongeza damu anatakiwa kuvimeza kila siku, kwa kawaida chuma miligramu 60 na foliki asidi mikrogramu 400. Vinamshinda kwa kichefuchefu, kukosa choo, na hofu ya choo cheusi. Cheusi hakina neno, ni chuma kilichobaki. Avimeze usiku akielekea kulala, na maji au juisi ya chungwa. Chai ndiyo adui. Tanini ya chai na kahawa hukikamata chuma kabla hakijafyonzwa; kidonge kilichomezwa na chai ya rangi ni kama hakikumezwa. Maziwa nayo yanapunguza. Acha angalau saa nzima kati yao. Hili linahusu hata maharage na mboga: chai baada ya mlo ingoje kidogo, na kachumbari yenye ndimu au kipande cha pera kiwe kwenye mlo wenyewe.

Kisha udongo. Kila soko lina fungu la vile vijiwe vya kutafuna, wengine wanaviita pemba. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, lakini udongo wenyewe hung'ang'ania chuma na zinki tumboni na kuvitoa nje, na mara nyingine huja na mayai ya minyoo. Kumkemea mama hakusaidii. Mpime damu, mtibu, hamu hupungua.

Sembe na dona huleta ubishi usiokwisha. Dona ina zinki na chuma zaidi, kwa kuwa pumba na kiini vimo. Ina pia fitati nyingi zaidi, kitu kinachofunga madini hayo. Dawa ya fitati ni kimea na kuchachusha, ujuzi ambao bibi zetu walikuwa nao. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uchipue, anika, pukuchua vichipukizi vyote uvitupe, kisha saga. Ukitumia mtama kupukuchua ni lazima, vichipukizi vyake vina sumu. Pika uji wa kawaida uwe mzito, uepue, upoe mpaka ukigusa haukuunguzi, ndipo ukoroge kijiko cha chai cha kimea kwa bakuli. Ndani ya dakika chache uji mzito unalegea na kuwa mwepesi mbele ya macho yako. Urudishe motoni uchemke, maana unga wa kimea hubeba vijidudu. Ukikitia kimea kwenye uji unaochemka haulegei, umekiua. Hapa niseme pia kwamba unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili pamoja na karanga za mwaka jana si bora kuliko wa vitu viwili vitatu safi. Karanga na mahindi yenye ukungu huleta sumukuvu, nayo inadhoofisha kinga ile ile unayoitafuta.

Magadi kwenye mlenda au maharage hulainisha haraka, lakini huvunja vitamini C na vitamini B1. Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa maji kidogo, dakika tano hadi kumi, na maji yake yasimwagwe.

Vitamini C yenyewe naipitia haraka. Pera moja lina zaidi ya machungwa mawili. Anayekula matunda hana tundu hapo, na vidonge havimzuii kupata mafua. Kwa anayevitumia kila siku hufupisha mafua kidogo tu. Vitamini D kwetu jua linatosha kwa wengi, lakini ndugu walioko Leicester au Oslo, na akina mama wa Muscat wanaojifunika na kushinda ndani kwenye kiyoyozi, hao wanakosa. Uingereza inashauri mikrogramu 10 kwa siku miezi ya baridi, na mwaka mzima kwa mwenye ngozi nyeusi au anayejifunika.

Dar es Salaam ndiko kulikopimwa kwa makini zaidi swali la "nikizidisha je?" Wajawazito 1,078 wenye VVU walifuatiliwa kabla dawa za kufubaza hazijaenea. Waliopewa vitamini B, C na E walichelewa kuzidiwa na ugonjwa. Vitamini A haikuwaongezea lolote, na watoto wa waliopewa vitamini hiyo waliambukizwa zaidi. Baadaye, dawa zilipopatikana, wagonjwa 3,418 wakalinganishwa, dozi kubwa ya vitamini kwa dozi ya kawaida. Dozi kubwa haikusaidia, vipimo vya ini vikapanda, jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yakatoka mwaka 2012.

Kwa anayekwenda dukani leo kununua sirapu ya damu: geuza chupa, tafuta miligramu za chuma chenyewe, si za chumvi yake. Kidonge cha feri salfeti, moja ya chumvi hizo, cha miligramu 200 kina chuma kama miligramu 65 tu. Mtoto anayetibiwa huhitaji kama miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa miezi mitatu hivi, si chupa moja. Na vile vidonge vyekundu vilivyopakwa sukari viwekwe juu ya kabati, si kwenye mkoba wa mama uliotundikwa mlangoni. Mtoto wa miaka miwili anaviona pipi, na ngumi moja ya vidonge hivyo inaua.